Ugonjwa wa Kutetemeka na Wazee wa Shituru

Watu wetu wakimwona mzee ambaye mkono wake watetemeka, huwa na maneno matatu tu ya kumweleza. Wengine wasema: ni uzee. Wengine wasema: ni lutuku, amekunywa mno ujana wake. Na wengine, kwa sauti ya chini, wasema kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mlozi na sasa ulozi wamrudia. Neno la nne halisemwi kwa sababu wengi hawalijui. Huenda ni ugonjwa kama magonjwa mengine, wenye jina lake, uliochunguzwa kwa zaidi ya miaka 200, nao una dawa. Habari za ugonjwa huo ndizo nitakazo kusimulia hapa, maana zagusa nchi yetu ya Katanga kuliko watu wadhanivyo.

Jina lake watokana na daktari Mwingereza, James Parkinson. Alizaliwa mwaka 1755 huko Hoxton, mtaa wa London wenye maskini na mafundi wengi, akafanya kazi ya udaktari papo hapo kama baba yake, mpaka alipokufa mwaka 1824. Mwaka 1817 alipiga chapa kitabu kidogo cha kurasa 66 juu ya ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Kitabu kile chaeleza wagonjwa sita tu. Tena, katika hao sita, wawili alikutana nao njiani akawauliza habari zao, na mmoja alimwona kwa mbali, basi. Hakuwa na mashine yo yote ya kutazamia ubongo. Alikuwa na macho, na desturi ya kuwaangalia watu wa mtaa wake wapitapo. Ndiyo maana aliweza kutambua kwamba mzee fulani haendi polepole kwa sababu ya uzee tu, bali ameinama mbele, na miguu yake yapiga hatua fupi fupi za haraka kana kwamba yakimbilia mwili usianguke. Madaktari wakubwa wa London walikuwa wameona watu wa namna hiyo maisha yao yote wasiseme neno.

Mambo mengine Parkinson alikosea. Alidhani ubaya uko katika uti wa mgongo karibu na shingo. Alidhani pia kwamba akili ya mgonjwa haiguswi kamwe. Sisi leo twajua kwamba kwa wengi, baada ya miaka, kumbukumbu na moyo pia huguswa. Baadaye Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliwachunguza wanawake wazee na maskini waliojaa mle, akaonyesha kwamba si kupooza hasa, kwa kuwa nguvu zipo, na kwamba wagonjwa wengine hawatetemeki hata kidogo. Ndiye aliyetaka uitwe ugonjwa wa Parkinson. Na mwaka 1919, Paris vilevile, mwanafunzi wa udaktari jina lake Konstantin Tretiakoff alipasua bongo za marehemu waliougua hivyo, akaona kwamba sehemu moja ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kwa kawaida ina rangi nyeusi, imepauka. Chembe zake zilikuwa zimekufa.

Chembe hizo nyeusi hutengeneza maji fulani yaitwayo dopamini. Ndiyo kama mjumbe: ubongo ukitaka mkono uinuke, dopamini husaidia amri ile ifike laini na kwa wakati wake. Mjumbe akipungua, amri yachelewa, yakwama, yarudiwarudiwa. Mtu haoni dalili za wazi mpaka chembe nyingi zimekwisha kufa. Kwa hiyo siku mkono unapoanza kutetemeka, ugonjwa una miaka mingi tayari.

Nao waanza kimya. Mtu apoteza uwezo wa kusikia harufu, hata moshi wa samaki wa kukaanga haumfikii. Tumbo lafunga siku nyingi. Usiku apiga kelele na mateke usingizini, kama apiganaye na mtu. Hakuna anayefikiri kwamba mambo hayo ni mamoja. Halafu siku moja mkono mmoja, uliotulia juu ya paja, waanza kutetemeka wenyewe, kidole gumba kikisuguana na vidole vingine kana kwamba mtu ahesabu fedha. Na ukinyoshwa kushika kikombe, watulia. Hapo ndipo pa kutofautisha. Kuna kutetemeka kwingine, kunakorithiwa katika jamaa nyingi, ambako huja hasa mkono unapofanya kazi. Na mtetemeko wa mnywaji ni mwingine tena. Parkinson hupenda kuanza upande mmoja, na mkono uliopumzika.

Lakini kutetemeka siko kunakowaumiza zaidi, nijuavyo mimi. Ni ule upole wa mwili. Kufunga vifungo vya shati kwachukua nusu saa. Maandiko yazidi kuwa madogo, hata sahihi ya mtu aliyekuwa karani haisomeki tena. Sauti yashuka. Uso wakaa bila kusogea, hautabasamu wala haukunji, na mke afikiri mumewe amemchukia, na wajukuu waogopa kumkaribia. Mzee yule ndani amefurahi kuwaona, ila uso wake haupati amri. Nyumba ngapi zimegombana kwa ajili hiyo!

Sasa tuje Shituru. Kiwanda kilianza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme mwaka 1929, kabla mji wa Likasi haujaitwa Jadotville. Na tangu mwaka 1930 umeme ulitoka Mwadingusha, penye maporomoko ya Lufira. Kompani ya Union Minière ilikuwa na madaktari wake na hospitali zake, nao walifanya kazi kubwa. Lakini tufikiri walikuwa wakitazama nini. Kompani iliajiri vijana. Walipimwa uzito, wakapigwa sindano, dhaifu wakarudishwa kwao. Madaktari walipigana na nimonia, tifoidi, kuhara damu, malaria na kifua kikuu, yaani magonjwa yanayomwangusha kijana kazini. Mtu aliyechoka alirudi kwao, Kasai au Ruanda au Luapula, akazeekea huko mbali na macho yao. Parkinson ni ugonjwa ambao kwa kawaida huja baada ya miaka 60. Basi ungeonekanaje katika kambi ya vijana? Vitabu vya udaktari vya nyakati zile vilisema kwamba ugonjwa huo ni haba kwa Waafrika. Mimi naona kwamba walioandika hivyo walitupa wavu mahali pasipo na samaki.

Ushahidi mzuri watoka Tanzania. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wachunguzi wakiongozwa na daktari Richard Walker wa Uingereza, pamoja na wenzake wa Tanzania, walipanga kwenda nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Ni wachache kuliko Ulaya, ndiyo, hata baada ya kuhesabu kwamba wazee wetu ni wachache. Lakini neno zito ni hili: zaidi ya robo tatu ya hao 33 hawakuwa wameambiwa kamwe jina la ugonjwa wao. Walikuwa wamekaa vijijini kwao, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani. Baadaye watu wa huko walipoulizwa, walisema wanauita ugonjwa wa kutetemeka tu. Wengine waliuhesabu kuwa uzee, wengine uchawi. Maneno yale yale ya kwetu.

Na Shituru ya leo si ile ya mwaka 1930. Watu walikaa, wakazaa, wakazeekea papa hapa. Kompani ilipokwisha kuwa mali ya serikali, tangu mwaka 1967, na kuitwa baadaye Gécamines, vizazi vya wafanyakazi viliendelea kuhesabu hospitali ya kompani kuwa hospitali yao. Kisha kazi zikaanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha kidogo waondoke kazini, na pamoja na kazi ikaondoka haki ya matibabu. Watu hao ndio wazee wetu wa sasa. Ndicho kizazi cha kwanza cha mji huu kuzeeka kwa wingi mjini, nacho kimezeeka bila daktari wa kompani.

Jambo lingine latuhusu zaidi. Dawa ya ugonjwa huu iligunduliwaje? Katika miaka ya 1950 madaktari walianza kutumia dawa mpya iitwayo reserpini, iliyotolewa katika mizizi ya rauvolfia, mti uliotumiwa na waganga wa Bara Hindi tangu kale. Aina nyingine ya mti huo huota katika misitu yetu ya Kongo, na mizizi yake ilichimbwa na kupelekwa Ulaya kwa miaka mingi, kwa kuwa ina reserpini nyingi. Dawa ilishusha shindikizo la damu, ikatuliza wenye wazimu. Lakini baadhi ya wagonjwa waliopewa walianza kukakamaa na kutetemeka, kana kwamba wameingiwa na Parkinson. Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, wakalala bila kusogea, masikio yamelegea. Ndipo akawachoma sindano ya levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini. Kitambo kidogo, sungura wakainuka wakarukaruka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz wa Vienna alipima bongo za marehemu, akaona dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata yeye na daktari Walther Birkmayer waliwachoma wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kukaa kitako wakasimama wakatembea. Carlsson alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Tena levodopa yenyewe imo katika mbegu tunayoijua na kuikimbia: upupu! Ndiyo, ule ule wa kuwasha. Mwaka 1937 wataalamu wa Bara Hindi walionyesha kwamba mbegu zake zina levodopa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa Bolivia, ambako wagonjwa 18 walipewa unga wa upupu uliokaangwa, nao ukafanya kazi kama vidonge. Lakini asiwepo msomaji wa kwenda kuchuma upupu porini leo jioni. Kipimo chake si rahisi, mbegu mbichi yatapisha, na katika uchunguzi mwingine wa siku nyingi zaidi baadhi walishindwa kuendelea kwa ajili ya tumbo. Afadhali tuwaachie wachunguzi wa vyuo vikuu vyetu, ambao wangefanya vema kuishika kazi hiyo.

Aliyetengeneza njia ya kumeza levodopa kila siku kwa kipimo kikubwa ni George Cotzias, Mgiriki aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1967. Na huyo alifikaje kwenye Parkinson? Kwa njia ya migodi. Alikuwa akichunguza wachimbaji wa manganezi wa nchi ya Chile. Hao huanza kwa kuchekacheka na kukasirika ovyo, hata wenyeji wakauita wazimu wa manganezi. Halafu mwili wakaza, sauti yapungua, nao huenda kwa ncha za vidole kama jogoo. Si Parkinson hasa, ila ni ndugu yake. Tena haikuwa habari mpya: mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow alikwisha kueleza watu watano waliosaga manganezi kiwandani, akasema wazi kwamba wameinama na kudhoofika lakini hawatetemeki. Kwa zaidi ya miaka mia hivi wachache walimsikiliza. Wagonjwa wa manganezi, levodopa haiwafai sana. Dawa yao hasa ni kutolewa mapema katika vumbi.

Katanga nayo ina manganezi, huko Kisenge, upande wa Dilolo, yalikochimbwa kwa wingi mpaka vita vya Angola vilipofunga njia ya reli ya Benguela mwaka 1975. Basi watu wa Shituru huuliza: na sisi je, moshi huu na asidi hii, vyatuletea kutetemeka? Nitajibu kadiri nijuavyo. Kazi ya Shituru ni shaba na kobalti. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wakaao karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mno katika mkojo, pamoja na risasi, kadimi, urani na metali nyingine. Hilo ni baya, na wakubwa wa kazi wapaswa kulijibu. Lakini kuwa na metali mkojoni na kuwa na Parkinson ni mambo mawili, na hatutawasaidia wagonjwa kwa kuyachanganya. Wanaopaswa kuangaliwa kwanza ni mafundi wa kuunga vyuma kwa moto, katika karakana kubwa na katika zile ndogo za barabarani, kwa sababu waya wanaouyeyusha una manganezi, na moshi wake waingia puani moja kwa moja. Wafanye kazi mahali penye hewa, wasiinamie moshi. Sumu nyingine ishukiwayo duniani ni dawa za kuua magugu na wadudu, hasa ile iitwayo parakwati. Kwa wagonjwa walio wengi chanzo hakionekani. Ugonjwa hauambukizi, mtaweza kunywa kikombe kimoja.

Wakatoliki wa Katanga walimwona mmoja wa wagonjwa hawa kabla hajaugua. Mwezi wa Agosti 1985 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa mwenye heri mjini Kinshasa, kisha akafika Lubumbashi, mtu mwenye nguvu na sauti kubwa. Miaka michache baadaye mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Vatikani ilinyamaza muda mrefu. Mwaka 2003 tu ndipo ilipokubali wazi kwamba ni Parkinson. Siku ya Pasaka ya mwaka 2005 alisimama dirishani, akajaribu kusema, sauti isitoke. Alikufa tarehe 2 Aprili. Bondia Muhammad Ali naye, aliyeshangiliwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, aliambiwa ugonjwa wake mwaka 1984, akaishi nao miaka 32. Sista Mfaransa Marie Simon-Pierre, mwenye ugonjwa huo huo, alipona mwezi wa Juni 2005 baada ya shirika lake kumwomba Papa marehemu. Muujiza huo ndio Kanisa lililoukubali alipotangazwa mwenye heri tarehe 1 Mei 2011. Nasema lakini: Sista yule alikuwa akitibiwa na madaktari miaka minne kabla ya kupona, wala hakuna aliyemlaumu kwa kukosa imani.

Kwa maana vidonge vipo. Levodopa pamoja na karbidopa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ingawa katika nchi nyingi za Afrika haipatikani kwa urahisi, na bei yake yawashinda wengi. Haiui ugonjwa. Yamrudishia mtu miaka ya kutembea, kula na kuvaa mwenyewe. Imezwe nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharagwe huizuia. Isikatwe ghafula; ni hatari. Na kwanza daktari ajue dawa zote ambazo mzee anakunywa, kwa kuwa nyingine, kama haloperidoli ya wagonjwa wa akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zaweza kuleta kukakamaa kule kule, nako huweza kwisha dawa ikiachwa kwa agizo la daktari.

Nyumbani pia kuna kazi. Mgonjwa akikwama mlangoni, miguu ikigandamana na sakafu, usimvute. Mpigie makofi ya mdundo, au mwanzishie wimbo, au chora mstari chini aukanyage. Wengi huondoka mara moja, kwa sababu mwendo wa ngoma huamsha njia nyingine ya ubongo. Kuimba kwasaidia sauti, na kwa hiyo mzee aliyekuwa katika kwaya asiondolewe kwaya. Ale akiwa ameketi wima asipaliwe. Atembee kila siku, hata akichelewa.

Nanyi mnaompeleka hospitali, mwelezeni daktari kazi zote alizofanya, na miaka yake: kama alikuwa kwenye mabirika ya umeme ya Shituru, au katika karakana, au Kisenge, na kama aliunga vyuma, miaka mingapi, ndani au nje. Vitabu vya kazi na kadi za kompani ambazo wazee wetu wameziweka ndani ya masanduku zina habari hizo zote. Zichukueni mwende nazo.